Somo: Kutafuta jenasi ya mkunjo wa hipaeliptiki bila kupotoshwa na infiniti

Juu ya namba changamano, mkunjo wa hipaeliptiki ni ule wenye umbo y² = f(x), f ikiwa polinomia ya digrii 5 au zaidi isiyo na mzizi unaojirudia; jenasi yake ni idadi ya matundu ya uso unaoundwa na nukta zake zote, pamoja na zile za infiniti. Tuchukue mlinganyo y² = x⁵ − x. Aliyezoea mikunjo ya bapa hukimbilia kanuni ya jenasi ya mkunjo ulio laini kila mahali, (d − 1)(d − 2)/2, d ikiwa digrii ya mlinganyo, akaweka d = 5 na kupata jenasi 6. Jibu hilo si sahihi, na kosa limejificha katika nukta moja isiyoonekana kwenye mchoro.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba polinomia ya upande wa kulia haina mzizi unaojirudia. Mizizi yetu ni 0, 1, −1, i na −i, yote tofauti, kwa hiyo mkunjo ni laini, yaani hauna ncha wala mahali unapojikata, popote x na y zilipo namba za kawaida (si infiniti).

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni infiniti. Tukiongeza kigeu z tunapata y²z³ = x⁵ − xz⁴, na z ikiwa 0 inabaki nukta moja tu, [0 : 1 : 0]. Tukiweka y = 1, mlinganyo unakuwa z³ = x⁵ − xz⁴, usio na kijenzi chochote cha digrii ya kwanza; basi nukta hiyo ina kasoro, yaani mkunjo si laini hapo, na kasoro hiyo inakula 4 katika zile 6. Tiba yake ni kuweka x = 1/u na y = v/u³, tupate v² = u − u⁵, ambao ni laini pale u = 0. Vipande viwili hivi vikiunganishwa ndivyo mkunjo wenyewe. (Kipeo cha 3 hakikuokotwa njiani: kwa jenasi g huwa ni g + 1.)

Hatua ya tatu ni kuhesabu. Kila x hutoa y mbili, isipokuwa penye mizizi mitano na penye infiniti, yaani mahali 6. Kanuni ya Riemann na Hurwitz, inayopata jenasi g kutokana na idadi ya mahali hapo (−2 ni ya mstari wa x pamoja na infiniti, wenye jenasi 0), inatupa 2g − 2 = 2(−2) + 6, hivyo g = 2.

Swali: Mwalimu, digrii ikiwa 6 je?

Jibu: Mlinganyo y² = x⁶ + 1 hugeuka v² = 1 + u⁶, na pale u = 0 tunapata v = 1 au −1. Infiniti ina nukta mbili, haihesabiwi tena, lakini mizizi imekuwa 6. Jenasi inabaki 2.

Swali: Je, mfano huu, y² = x⁵ − x, unafaa katika uga wa karakteristiki 2, yaani mfumo wa namba ambamo 1 + 1 = 0?

Jibu: Haufai. Derivativu ya y², yaani 2y, inakuwa sifuri kila mahali, na nukta (1, 0) inapata kasoro. Huko hutumika umbo y² + h(x)y = f(x).

Swali: Je, kila mkunjo wa jenasi 3 ni wa hipaeliptiki?

Jibu: La, ingawa kila mkunjo wa jenasi 2 ni wa aina hiyo. Mkunjo x⁴ + y⁴ + z⁴ = 0 ni laini hadi kwenye infiniti, una jenasi 3 kwa kanuni ileile tuliyoikataa mwanzoni, nao si wa hipaeliptiki.