Zahanati ya kijiji kwa matofali ya kufungamana: kuanzia shimo la udongo hadi gata ya paa

Mwongozo huu ni kwa kamati za ujenzi za vijiji na kata zinazojenga kwa force account, yaani kusimamia ujenzi zenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, hasa huku Dodoma na Singida, ambako tanuru la matofali ya kuchoma linadai kuni kutoka kwenye vichaka ambavyo vimeshabaki visiki. Nimeuandika baada ya kukaa na kamati ya zahanati moja iliyoamua kuachana na tanuru. Maswali yao ndiyo yaliyonipa mpangilio huu.

Tofali la kufungamana ni udongo, saruji kidogo na maji, vikishindiliwa ndani ya mashine. Halichomwi. Linakaa juu ya mwenzake kwa ulimi na mfereji, kwa hiyo udongo wa saruji wa kuunganishia matofali unapungua sana, na ukuta ukijengwa vizuri hauhitaji plasta. NHBRA, yaani Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, wamekuwa wakilifundisha kwa miaka mingi, na kipimo chao cha sentimita 30 kwa 15 kwa 10 ndicho ninachokitumia hapa.

Hatua ya 1: Idhini kabla ya koleo

Michoro na BOQ (orodha ya vifaa, kazi na gharama zake) mliyoletewa mara nyingi imeandikwa matofali ya saruji au ya kuchoma. Msibadilishe kwa azimio la mkutano wa kijiji peke yake. Mhandisi wa halmashauri aandike kwamba amekubali badiliko, na mistari yote inayoguswa irekebishwe: matofali, plasta, rangi ya ndani na nje, kodi ya mashine. Karatasi hiyo ikae kwenye faili la mradi. Mkaguzi akija atauliza plasta iliyopangwa imekwenda wapi, na jibu la mdomo halitamtosha.

Hatua ya 2: Jengo lielekee wapi

Kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Kuta fupi zitazame mashariki na magharibi, na kama inawezekana zisiwe na dirisha. Jua la saa kumi jioni huingia chini chini, na hakuna paa linaloweza kulizuia.

Hatua ya 3: Udongo

Hapa ndipo nataka mkae muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kamati nyingi huanza kwa kutafuta mashine, kisha saruji, halafu zinachimba udongo ulio karibu na kiwanja. Mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Udongo ndio unaoamua saruji mtakayonunua, na wakati mwingine ndio unaowaambia msijenge kwa njia hii kabisa.

Ondoeni kwanza udongo wa juu wenye mizizi na majani. Mkifika kwenye udongo usio na harufu ya uozo, hapo ndipo sampuli inaanzia. Mnaoutafuta ni mwekundu au wa kahawia, wenye mchanga wa kutosha na ulaini kidogo wa kushikana. Udongo mweusi wa mbuga uacheni, hata kama mwenye shamba anautoa bure: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na saruji ya kuutuliza itawafilisi. Acheni pia sehemu zenye ukoko mweupe wa chumvi juu ya ardhi.

Kipimo cha kwanza ni cha chupa. Chukueni chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, jazeni udongo hadi theluthi, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni kwa nguvu, muiache mahali tulivu. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, tope laini linafuata, na udongo wa mfinyanzi, ule unaonata, unachukua hadi kesho yake. Pimeni kila tabaka kwa rula. Mchanga ukiwa kati ya asilimia 65 na 80, endeleeni. Ukipungua hapo, tafuteni mchanga wa mtoni wa kuchanganya. Ukizidi, tofali litamomonyoka pembeni likitolewa kwenye mashine.

Chupa inawaambia kiasi cha mfinyanzi, haiwaambii tabia yake. Kuna mfinyanzi mpole na kuna mkorofi, na kwenye chupa vinafanana kabisa. Ndiyo maana kipimo cha pili siruhusu kirukwe.

Tengenezeni kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana sentimita 4 na kina sentimita 4. Pakeni oili chafu ndani. Lowesheni udongo bila saruji hadi uwe laini wa kufinyangika, ujazeni na kuubana kwenye kona kwa kijiti, sawazisheni juu. Wekeni juani siku 3, au kivulini siku 7. Mvua isiuguse. Ukikauka, sukumeni vipande vyote viende upande mmoja, mpime nafasi iliyobaki wazi:

- hadi milimita 13: saruji 1 kwa udongo 18
- milimita 13 hadi 25: 1 kwa 16
- milimita 25 hadi 38: 1 kwa 14
- milimita 38 hadi 50: 1 kwa 12

Zaidi ya hapo, ongezeni mchanga na mpime upya tangu mwanzo. Na kama udongo umejikunja ukainuka katikati kama upinde, usitumike, hata kama nafasi iliyobaki ni ndogo.

Angalieni hiyo ina maana gani kifedha. Kuta zenye mita za mraba 200 zinataka matofali kama 6,600, kwa sababu mita moja ya mraba inakula 33. Kwa hesabu yangu, mfuko mmoja wa saruji kwa 1:18 unatoa matofali karibu 90. Kwa 1:12 unatoa kama 60. Tofauti yake kwenye jengo hilo moja ni mifuko zaidi ya 30, na saruji ndiyo sehemu ya tofali hili inayochafua hewa zaidi. Kisanduku cha mbao chakavu ndicho kinachowaokolea mifuko hiyo.

Sasa tahadhari, kwa sababu kipimo kizuri cha shimo moja kinadanganya.

Chukueni sampuli kwenye pembe tatu za eneo la kuchimba, na kwenye vina viwili tofauti. Kwenye mradi mmoja nilioitwa kuangalia nyufa, ukuta wa mashariki ulikuwa imara na wa magharibi umechanika kama uzi kuanzia dirishani hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Fundi alikuwa yuleyule na saruji ileile. Shimo ndilo lilikuwa limebadilika: kina cha chini udongo ulikuwa umegeuka kutoka mwekundu kuwa wa kijivu wenye kuteleza mkononi, vijana wakaendelea kuchimba kwa sababu hakuna aliyewaambia wasimame. Kwa hiyo mteueni mtu mmoja wa shimo. Rangi ikibadilika, uchimbaji unasimama, kisanduku kinajazwa tena, na udongo wa zamani na mpya hauchanganywi kwenye rundo moja.

Udongo wa kichuguu unasifiwa sana vijijini, na kweli unashikana. Lakini una mfinyanzi mwingi, na kichuguu kimoja hakimalizi jengo. Utumieni kurekebisha udongo wenye mchanga kupita kiasi tu, na mchanganyiko wake upitie kwenye kisanduku kama mwingine wowote.

Mwisho, fyatueni matofali machache ya majaribio, yamwagilieni, yakae siku 28, kisha yaloweshwe usiku kucha. Mkwaruze moja kwa msumari: likiacha unga tu ni sawa, msumari ukizama si sawa. Mengine yapelekwe maabara ya TANROADS (Wakala wa Barabara) mkoani yapimwe nguvu, na majibu yaende kwa mhandisi. Ndiyo, ni mwezi mzima. Mwezi huo utumieni kujenga msingi.

Hatua ya 4: Kuchanganya na kufyatua

Chekecheni kwa wavu wa milimita 5. Pimeni kwa ndoo, kamwe si kwa sepeto; sepeto la asubuhi na sepeto la saa nane mchana havilingani. Ndoo moja ya lita 10 ya saruji na ndoo 14 za udongo (kama kipimo chenu ni 1:14) zinatoa matofali kama 20. Msichanganye zaidi ya hapo kwa mara moja. Changanyeni vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo maji yanyunyizwe kwa keni. Finyangeni donge, mliachie kutoka usawa wa bega lidondoke kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likisambaa kama unga, ongezeni. Likibaki donge moja, yamezidi. Mchanganyiko uliotiwa maji uishe ndani ya nusu saa.

Kuhusu mashine, nasimama na ile ya mkono. Ya dizeli inatoa matofali mengi kwa siku, ila ikiharibika spea inasubiriwa kutoka mjini, mafuta yanaingia kwenye gharama, na vijana wa kijiji wanabaki watazamaji. Ya mkono inachomelewa na fundi yeyote mwenye mashine ya kulehemu.

Hatua ya 5: Kumwagilia

Matofali yapangwe kivulini, yafunikwe kwa nailoni, yamwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7. Halafu yaachwe hadi yatimize siku 28. Gharama ya maji ya siku hizo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo; ikisahaulika, kazi hii ndiyo inayokatwa.

Hatua ya 6: Ukuta

Mstari wa kwanza ukae kwenye udongo wa saruji, juu ya nailoni ya kuzuia unyevu, na unyooshwe kwa pima maji tofali kwa tofali. Kosa la milimita 3 chini halisahihishwi juu, kwa sababu hakuna udongo wa saruji katikati wa kulificha. Kwenye kona na pembeni mwa milango, nondo isimame tangu msingi hadi lenta, na matundu ya matofali inamopita nondo yamiminwe zege laini.

Hatua ya 7: Paa na maji

Paa litokeze angalau sentimita 60, ukuta usipigwe na mvua. Fungeni gata mabati yakiwa bado yanapigiliwa, wakati fundi na ngazi wapo. Hesabu ya lita za maji ambazo paa litakusanya kwa mwaka ni rahisi: eneo la paa kwa mita za mraba, mara mvua ya mwaka kwa milimita, mara 0.8 kwa sababu maji mengine hupotea. Dodoma inapata karibu milimita 570, kwa hiyo paa la mita za mraba 150 linakusanya lita 68,000 hivi kwa mwaka. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwani yanabeba vumbi la miezi tangu Mei. Bomba la kutolea liwe sentimita 10 juu ya kitako cha tangi, na chini kabisa pawe na koki ya kusafishia tope.

Kamati ya mapokezi ikija kukagua, wakabidhiwe pia matofali 50 ya akiba kutoka shimo lilelile, yaliyopangwa kivulini nyuma ya jengo, pamoja na karatasi ya kipimo cha kisanduku.