Geko chui mzima mwenye gramu 35: mdogo tu au mgonjwa?

Geko chui, mjusi anayefugwa nyumbani, akikomaa huwa na gramu 45 hadi 80. Mwenye 35 si lazima awe mgonjwa. Wengine ni wadogo kwa kuzaliwa. Tazama mkia kabla ya mizani: ukiwa mnene karibu sawa na shingo, akiba ya mafuta ipo. Ukikonda kama kijiti ilhali anakula, shuku vimelea, hasa kriptosporidiamu. Mtenge na wenzake, nawa mikono, peleka kinyesi cha siku hiyo kwa daktari wa mifugo. Kitaje kimelea kwa jina, maana kukiona kwenye hadubini huhitaji rangi maalumu.

Kwa anayemfuga Dodoma, mshukiwa wa kwanza ni baridi. Usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na mjusi aliyepoa hasagi chakula. Tandika mkeka wa joto wenye kidhibiti chini ya theluthi moja ya tangi. Sakafu hapo ifike nyuzi 32, upande wa pili 25.

Nyenje wasizidi upana uliopo kati ya macho yake, na wapakwe unga wa kalsiamu. Wa shambani waache, huenda wamepuliziwa dawa.

Mpime kila wiki. Akipungua sehemu ya kumi ya uzito, usisubiri wiki nyingine.