Pima duara la soketi
Ikiwa soketi za nyumba yako hapa Mombasa zimeungwa kwa duara, yaani waya unatoka kwenye kisanduku cha fyuzi, unapita soketi zote na kurudi hapo hapo, mwombe fundi mwenye leseni azime swichi kuu, ahakikishe umeme haupo, kisha azitenganishe ncha mbili za waya wa moto kwenye kisanduku hicho na kuzipima kwa mita. Mita isipoonyesha kuwa waya umeungana toka ncha moja hadi nyingine, duara limekatika, na waya wa milimita mraba 2.5 uliokusudiwa kugawana mzigo pande mbili unaweza kubebeshwa ampea zote 32 kwa upande mmoja, ilhali soketi zote zinafanya kazi, na hiyo ndiyo hila yake. Arudie kwa nyutro na ethi. Kipimo hiki huweza kukosa skrubu iliyolegea au kuliwa na chumvi ya pwani. Duara lisiloungika ligawanywe matawi mawili ya ampea 20.