Namna ya kuandika wasifu wa mwalimu aliyeulea mji wenu

Kila mji mdogo una mwalimu wake, yule ambaye dereva wa basi humsubiri stendi hata kama abiria wengine wamenuna, na ambaye wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza humwamkia "Shikamoo, Mwalimu" bila haja ya kuongeza jina. Anapostaafu, au anapofariki, kamati hukutana, mtu mmoja hukabidhiwa kazi ya kuandika wasifu, na kwa kawaida hupewa siku mbili tu. Maelekezo haya ni ya mtu huyo, ingawa ningependa aianze kazi mapema zaidi, mhusika akiwa hai na kumbukumbu zake zikiwa timamu.

Niliwahi kupewa kazi hiyo katika mji mmoja wa milimani, mkoani Tanga, nikaiharibu. Niliandika kwamba mwalimu wetu alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu na mlezi wa wengi. Watu walipiga makofi, naye akashukuru, lakini jioni mama mmoja muuza maandazi aliniambia kwamba risala ile angeweza kusomewa hata bwana shamba. Ilinibidi nirudi kwa Mwalimu na daftari tupu, na mengi ninayoyaeleza hapa niliyajifunza katika safari hiyo ya pili.

Anza na bahasha ya kaki. Karibu kila mwalimu wa serikali anayo, mara nyingi chini ya godoro au ndani ya sanduku la bati, kwa kuwa bila barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa daraja na za uhamisho, kufuatilia mafao huwa mateso. Omba ruhusa, ziweke juu ya meza kwa mpangilio wa miaka, kisha nakili tarehe na majina ya shule. Utapata mifupa ya wasifu kwa saa moja, na utaona pia mapengo ambayo barua hazielezi: kwa nini, kwa mfano, aliomba uhamisho usitishwe wakati wenzake walikuwa wakipigania kwenda mjini. Hapo ndipo penye hadithi.

Baada ya barua, nenda kwa mazungumzo, na usiyafanye sebuleni mkiwa mmekabiliana kama watu wa mahakamani. Mkute akipukuchua mahindi au akichambua maharage, nawe shika ungo. Mwombe idhini kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu. Usimwulize, "Ulikutana na changamoto gani?", kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa hotuba. Mwulize mambo yanayoshikika: siku ya kwanza ulifika hapa kwa usafiri gani, usiku ule ulilala kwa nani, chaki zilipokwisha uliandikia nini? Nilipomwuliza Mwalimu swali hilo la mwisho, hakujibu kwa maneno. Aliinuka, akachukua kipande cha muhogo mkavu, akaandika a, e, i juu ya mlango wa jiko uliojaa masizi, kisha akasimama pembeni kidogo ili asiwazibe wanafunzi ambao hawakuwapo. Kule kusogea pembeni kulinieleza zaidi ya kurasa zangu zote za kwanza.

Utahitaji pia kuijua historia ya elimu kiasi cha kuelewa unachosimuliwa. Mwalimu aliyeanza kazi Tanzania katika miaka ya 1970 alikumbwa na Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia Novemba 1977. Ndiyo maana atakusimulia juu ya madarasa yaliyofurika, watoto walioingia kwa zamu asubuhi na mchana, na vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa kuwa walimu papo hapo vijijini. Jioni alikuwa na darasa jingine, la watu wazima. Akikueleza kwamba mwaka 1973 aliongoza kikundi kilichokaa kuzunguka redio kusikiliza vipindi vya "Mtu ni Afya", kisha kikaenda kuchimba vyoo, usiliache jambo hilo kwa kudhani ni la afya na si la ualimu. Katika mji mdogo mambo hayo mawili hayakutengana. Historia hii isizidi sentensi mbili au tatu katika wasifu, kwa kuwa wasikilizaji wamekuja kumsikia Mwalimu, si wizara.

Tarehe za mdomo zihakiki. Wazee wetu hukumbuka mwaka kwa tukio, na hilo ni msaada ukijua kulitumia: "wakati wa Vita vya Kagera" ni kati ya 1978 na 1979, "mwaka wa mvua za El Nino" ni 1997 kuelekea 1998, na "alipofariki Baba wa Taifa" ni Oktoba 1999. Baadaye mwombe mwalimu mkuu wa sasa akuruhusu kuangalia kitabu cha kumbukumbu za shule, rejista ya wanafunzi na mihtasari ya kamati ya shule. Vitabu hivyo mara nyingi vimeliwa na mchwa, lakini katika mhutasari mmoja nilikuta kwamba tofali za darasa la tatu zilifyatuliwa na wazazi kwa wiki sita, na kwamba aliyekuwa akiita majina ya zamu kila alfajiri ni yeye.

Kisha tafuta mashahidi, na wasiwe wale waliofaulu tu. Daktari na mbunge watajitokeza wenyewe. Mtafute aliyeishia darasa la nne, jirani aliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, na yule aliyechapwa viboko ambavyo hadi leo anaviona havikuwa haki. Nilimpata mtu wa namna hiyo, fundi baiskeli, akaniambia kwamba alimchukia Mwalimu mwaka mzima na kwamba ndiye pekee aliyekuja nyumbani mama yake alipougua. Niliyaandika yote mawili. Mwalimu aliposomewa sehemu ya viboko alinyamaza kidogo, akasema, "Iache."

Hata hivyo, yapo yasiyopaswa kuandikwa kwa majina. Alimnunulia sare mtoto fulani, alimficha binti aliyekimbia kuozeshwa, alimfundisha nyumbani msichana aliyefukuzwa shule kwa ujauzito, miaka mingi kabla serikali haijaruhusu wasichana hao kurejea masomoni mwaka 2021. Watu hao bado wanaishi mtaa wa pili, wana wakwe na watoto. Eleza tendo, ficha mhusika, na ukiona kwamba mji ni mdogo kiasi kwamba kila mtu atamtambua, mwombe ruhusa mhusika mwenyewe au uliache tendo hilo kabisa.

Unapoandika, kila sifa unayotaka kumpa igeuze kuwa tendo lenye saa na mahali. Badala ya "alijitolea", andika kwamba kila Jumamosi saa mbili asubuhi alifungua darasa kwa watoto wa sokoni ambao mama zao walikuwa wakipanga mboga, na kwamba ufunguo alikaa nao yeye kwa sababu mlinzi hakuwapo. Kurasa mbili zinatosha kwa shughuli. Nakala ndefu ibaki kwa familia.

Mwisho, msomee mwenyewe kabla hujausoma hadharani, na umwachie kalamu. Wangu alisahihisha mambo mawili: jina la mto ambalo nililikosea, na neno "nililala" katika nukuu yangu, ambalo alitaka liwe "tulilala", kwa sababu usiku ule wa kwanza mwenye nyumba alimpa kitanda, akakikataa, wakalala wote mkekani.