Ukienda kuuza presha kuka nyumbani kwa mtu, gawa visu kwanza

Dada unayeuza vyombo kwa kupika majumbani, usisimame mbele ya watu kama mwalimu. Ukishasalimia tu, gawa visu. Mmoja akatekate vitunguu, mwingine akune nazi, na yule shangazi mchangamfu mpe mwiko. Mikono ikipata kazi, haya zinaisha na stori zinaanza zenyewe.

Pika kitu kimoja tu, kile wanachokipika kila wiki. Mimi hubeba maharage niliyoyaloweka usiku kucha. Kwenye presha kuka yanaiva ndani ya nusu saa hivi, na hapo mama aliyezoea kuyachochea mkaa mchana kutwa anasogea mwenyewe kuuliza. Kabla ya kufungua, mvuke utoke wote, tena waoneshe pini ya kwenye mfuniko inavyoshuka presha ikiisha, maana wengi wanakiogopa chombo hiki na wana haki ya kuogopa.

Bei isitajwe watu hawajala. Sahani zikiwa mikononi, weka karatasi ya bei mezani, wewe endelea kupakua. Anayetaka kulipa kidogo kidogo mfuate pembeni, usimuulize mbele za wenzake. Na mwenye nyumba mwachie mboga ya jioni ya watoto.