Ukihamishia ripoti kwenye wingu, angalia saa kwanza

Wenye biashara mnaotoa ripoti za mauzo kwenye kompyuta ya ofisini na kuzipeleka kwenye wingu (yaani seva, kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti), kuna kijambo kimoja kinasumbua kuliko ukubwa wake. Seva nyingi za wingu hutunza muda kwa UTC, saa ya pamoja ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kwa hiyo kila risiti inayokatwa kati ya saa sita na saa tisa usiku huhesabiwa ya jana.

Duka la nguo pale Ngamiani halitaligundua. Lakini sisi ni watu wa mikate: hapa Tanga gari za Muheza na Pangani hupakia saa nane usiku. Mwezi wa kwanza tu, mzigo wote wa usiku wa kuamkia tarehe 1 ukaangukia mwezi uliopita, na mhasibu wetu akashinda siku mbili akimsaka mwizi ambaye hayupo.

Dawa yake: data ghafi iacheni na UTC yake, ila kwenye ripoti geuzeni muda kuwa Africa/Dar_es_Salaam (ndilo jina la saa zetu kwenye kompyuta) kabla ya kujumlisha kwa siku. Mkishajumlisha mmechelewa.

Na lile faili la Excel la zamani msilizike mapema. Fungeni mwezi kotekote, kwenye Excel na kwenye wingu, mlinganishe siku ya kwanza na ya mwisho risiti kwa risiti. Tarehe nazo! 03/04 kwetu ni Aprili 3. Programu yenye mpangilio wa Kimarekani itasoma Machi 4, wala haitalalamika.