Kabla hujaondoka Mtwara kwenda kwenye baridi ya Harbin

Kila nikisikia kijana wa huku kwetu amepangiwa chuo Harbin, kaskazini mashariki mwa China, swali langu la kwanza ni soksi. Viza na nauli wengine watamuuliza. Mimi nataka kujua amefunga soksi ngapi, na za kitambaa gani, kwa sababu miaka niliyokaa kule nilijifunza kwamba baridi haimwanzii mtu kifuani tunapokimbilia kupafunika. Inaanza na vidole.

Sisi wa pwani ya kusini baridi hatuijui. Julai kusi likivuma Shangani, usiku unashuka hadi nyuzijoto 19 au 20 na tunatafuta shuka la pili. Aliyelala Newala mwezi wa sita akaamka na ukungu mlangoni ndiye anayejigamba. Harbin, wastani wa Januari ni karibu nyuzijoto 18 chini ya sifuri, na usiku kushuka chini ya 25 hasi ni jambo la kawaida. Mto Songhua unaganda, watu wanatembea juu yake. Upepo nao una hesabu yake: kukiwa 20 hasi na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile ni 33 hasi. Kwa hiyo ukitazama hali ya hewa kwenye simu, soma na upepo.

Kosa tunalofanya wengi ni kununua koti moja zito Dar es Salaam, tukajiona tumemaliza. Koti liache. La kule limeshonwa kwa baridi ya kule, limejazwa manyoya ya bata, wenyewe wanaliita yurongfu, na bei yake haitishi ukilinganisha na litakavyokufaa. Pesa yako ya hapa itumie kwa nguo zinazogusa mwili. Pita kwenye mitumba mapema, kabla ya haraka za safari, utafute sweta za sufu. Soma lebo ya ndani. Ikiwa na neno wool, chukua hata kama rangi hukuipenda. Fulana za pamba tunazozipenda kwa joto letu ziwe chache. Pamba inanyonya jasho na kukaa nayo, na jasho likipoa mgongoni ukiwa kituoni unasubiri basi, koti lolote halikusaidii. Ndani kabisa vaa nguo ya kubana isiyo ya pamba, juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Kwa miguu, suruali ya ndani ya kubana inaitwa qiuku. Ukilitamka neno hilo dukani utaletewa.

Viatu navyo nunua kule, namba moja zaidi ya yako, ili soksi nene iingie na vidole vichezechezeke. Kiatu kinachobana kinazuia damu, na vidole vinaganda ndani ya kiatu kizuri. Mimi nilikwenda na raba za mitumba zilizokuwa nzima kabisa. Asubuhi moja ya Desemba, nikiwa nashuka ngazi za bweni, soli ya mguu wa kulia ilitoa sauti kama kijiti kinachovunjwa, ikapasuka katikati. Plastiki ilikuwa imekakamaa kwa baridi. Nilitembea hadi darasani theluji ikiingia, na jioni kidole gumba nilikuwa sikisikii.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Vitabu vinasema ngozi inayoganda huwa nyeupe. Kwetu weusi weupe huo hauonekani vizuri. Utaona kijivu, na ngozi inakuwa ngumu kama nta, kisha ganzi. Ingia ndani. Usisugue, usiweke theluji, usisogeze kwenye moto wala hita, maana penye ganzi hutajua unaungua. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kiasi cha nyuzijoto 37 hadi 39, na ikibaki ngumu au ikitoa malengelenge, nenda hospitali. Glavu vaa kabla ya kufungua mlango, na usishike chuma kwa mkono uliolowa.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni Oktoba. Joto la mabomba mabwenini linafunguliwa karibu tarehe 20 Oktoba na kufungwa karibu tarehe 20 Aprili. Kabla ya hapo usiku unaweza kukaribia sifuri na chumba hakina joto. Wiki hizo ndizo zilizonitesa kuliko Januari, kwa sababu Januari chumbani nilikaa na fulana. Blanketi zito nunua Septemba. Joto likishafunguliwa hewa inakauka, pua zinatoka damu na midomo inapasuka. Weka bakuli la maji karibu na bomba la joto, na mafuta ya mgando usiyakose.

Dada zangu, na hili ninawasihi: chetezo kibaki nyumbani. Makaa ya kufukizia udi kwenye chumba kilichozibwa madirisha yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu analala moja kwa moja.

Mwenye selimundu amwone daktari wake kabla ya kukata tiketi, kwani baridi inaamsha maumivu. Na yeyote akipata homa miezi ya kwanza, aseme waziwazi hospitalini kwamba ametoka nchi yenye malaria na aombe kupimwa. Daktari wa kule anaona mafua kila siku; malaria haimjii akilini.

Kuna na giza. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Ngozi yetu inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, basi muulize daktari kuhusu vidonge, na mchana ukiwa na nafasi toka nje hata nusu saa. Ukiona unalala sana, hutaki kula, hutaki watu, mwambie mtu mapema.

Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Nje betri inazima ghafla hata ikiwa imejaa nusu. Saa za kule zimetangulia zetu kwa tano. Ukipiga saa nne usiku, huku ni saa kumi na moja jioni, na mama atakuwa barazani.